Nilirusha voice note ya cloud seeding kijijini, wakamgeukia mjomba wangu

Wakuu, salaam kwenu wote, wa kwenye joto na wa kwenye baridi. Mimi huku nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, na sina hakika kama ni baridi peke yake.

Niseme mapema, hapa hakuna chai wala cha kubuni. Chai ninayo kwenye kikombe pembeni na imeshapoa. Haya ninayoyaandika nimeyafanya kwa mdomo wangu mwenyewe, na kama kuna jirani yangu anasoma humu atanitambua kabla hajafika mbali. Atambue tu. Nimechoka kukaa nayo.

Mods, naomba uzi huu msiupeleke kwenye vichekesho.

Mimi ni mkulima. Viazi, karoti na njegere kidogo, juu huku Malindi, Lushoto. Kwa mnaodhani Tanga yote ni joto na minazi, njooni Julai muoge maji ya bomba halafu tuongee.

Nimesoma mpaka form four, hesabu nikapata F, lakini simu ninayo na bando ninalo, na kijijini hilo lilitosha kunipa cheo. Mtu akipata meseji ya Kiingereza anakuja kwangu. Maelekezo ya dawa ya viazi hayaeleweki, kwangu. Wakaniita Profesa. Mwanzoni ilikuwa utani, baadaye wao wakaendelea kutania na mimi nikaacha kutania. Kama mnatafuta mzizi wa haya yote, uko hapo.

Sasa Mjomba.

Mjomba wangu anaitwa Athumani, kaka yake mama, tumbo moja. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo Mjomba ndiye aliyenifundisha kushika jembe na kutengeneza tuta lisilobomoka kwenye mteremko. Ndiye aliyekwenda kuniposea mke, akakaa kwa wakwe kutwa nzima akisifia tabia ambazo mimi sina. Ni mzee wa sabini na kitu, hanywi, hagombani, na akikuahidi saa mbili anafika saa mbili kasoro.

Miaka michache nyuma walikuja watu wa mradi fulani, siwataji. Walikuwa wanatafuta mtu mwaminifu anayejua kusoma na kuandika, na ambaye uwanja wake hauna miti ya kukinga mvua. Wakaelekezwa kwa Mjomba.

Wakafunga vitu viwili uani kwake. Cha kwanza ni mlingoti mwembamba wenye sola ndogo, kiboksi cheupe, na vikombe vitatu juu vinavyozunguka. Cha pili ni kikopo cha kupimia mvua, kimesimamishwa kwenye nguzo fupi.

Hawakuitisha mkutano. Waliongea na ofisi, wakaongea na Mjomba, wakafunga, wakapiga picha, wakashuka zao. Hili naomba mlikumbuke, maana sitaki lawama zote nizibebe peke yangu. Nyingi ni zangu, sawa, lakini siyo zote.

Kazi ya Mjomba ilikuwa nyepesi. Kila siku saa tatu kamili asubuhi anakwenda kwenye kikopo, anasoma maji yamefika wapi, anaandika kwenye daftari, anatuma namba kwa meseji. Kisha yale maji anayamwaga kwenye mgomba ulio pembeni, ili kesho apime upya.

Alikuwa anaipenda kazi ile, aisee. Ukikutana naye njiani anakwambia "jana tumepata kumi na mbili" kana kwamba kavuna yeye. Siku ambayo haikunyesha anaandika sifuri, na ile sifuri anaizungushia vizuri bila haraka.

Basi, vuli iliyopita ikachelewa.

Siyo kwamba mawingu hayakuwepo. Hilo ndilo lililotutia wazimu. Kila siku mchana wingu linapanda kutoka upande wa Mazinde kule bondeni, jeusi, zito, kinamama wanaanua nguo, kuku wanaingia ndani. Halafu kaupepo kanakuja, wingu linasogea, linapasuka, jua linawaka. Kesho tena hivyohivyo. Mngekuwepo mngeweza kulitukana.

Mbegu ya viazi imechipua stoo mpaka machipukizi yamekuwa kama vidole. Mwenye maharage aliyopanda kwa kubahatisha, ameyafukua. Mfereji umebaki matope. Watu wakaanza kujibizana kwa hasira hata kwenye mambo ya kucheka.

Mimi nikaingia kwenye simu.

Nikaona video za ndege zinanyunyizia mawingu chumvi huko Arabuni na mvua inanyesha jangwani. Nikaona nyingine mtu anasema wanaweza pia kuzuia, kwamba wewe unavyokaukiwa kuna mwenzako amevuta. Nikaona nyingine, na nyingine. Simu ikishajua unachokitafuta inakuletea mpaka unashiba. Na humuhumu jukwaani, wakuu, msijitoe, nilikesha kwenye uzi mmoja wa kurasa zisizoisha, watu wana uhakika utadhani walikuwa ndani ya hizo ndege.

Ndipo nikaanza kuvitazama vile vikombe vitatu vya Mjomba.

Nikagundua kitu. Kila wingu likifika juu yetu, vikombe vinaanza kuzunguka kwa kasi. Vikizunguka, wingu linaondoka. Nikachunguza siku tatu mfululizo, nimejikunyata kwenye tuta langu la karoti nikiandika saa na dakika. Siku tatu! Haikukosea hata mara moja.

Msicheke bado. Najua sasa hivi kwamba vile vikombe vinapima upepo, na kwamba upepo unaovizungusha ndio huohuo unaolisukuma wingu. Ni sawa na kusema bendera ndiyo inayoleta upepo. Mtoto wa darasa la nne angeniambia, lakini mimi sikumwuliza mtoto wa darasa la nne. Nilikuwa Profesa.

Nikampelekea Mjomba ugunduzi wangu. Nikamkuta pale wanapokusanyia maziwa asubuhi, watu wengi wamesimama na vidumu vyao. Nikamweleza hiyo cloud seeding, kunyunyizia mawingu, kwa sauti ya kusikika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Wewe hata kikopo chenyewe hujui kukisoma, mbingu utaziweza?"

Watu walicheka, jamani. Walicheka mpaka mama mmoja maziwa yakamwagika.

Ningecheka na mimi yangeisha. Lakini nilirudi nyumbani masikio yamewaka moto, nikajifungia, nikashika simu, nikarekodi. Dakika nne. Nikaituma kwenye group la wakulima wa kitongoji chetu.

Nilisema mambo mengi kuhusu mataifa makubwa na mvua kuwa biashara, sehemu kubwa nilikariri tu. Lakini mwisho nikasema hivi, naikumbuka neno kwa neno: "Ndugu zangu, mtambo tunao hapahapa kwetu, unazunguka tukiwa tumelala. Muulizeni anayeushika, mvua yetu inakwenda wapi."

Muulizeni anayeushika. Kila mtu anajua nani anaushika. Sikumtaja jina kwa sababu nilijua sina haja ya kumtaja. Hiyo nakiri hapa mbele yenu, hata mama sijawahi kumkiria.

(Samahani, nimetoka kuchungulia nje. Wingu lipo upande wa Mazinde. Nimeshaacha kuliamini.)

Nilitegemea nini? Nilitegemea vijana waende ofisini waulize maswali, mradi uje ujieleze, na mimi nionekane nimewafumbua watu macho. Na kweli vijana kwenye group walianza hivyo. Mara ndege, mara satelaiti, mara wazungu.

Ila voice note haikai kwenye group, wakuu. Inachezwa kwa sauti jikoni, bibi anasikia. Inachezwa shambani, babu anasikia. Na wazee wetu wana masikio mengine.

Kwa Wasambaa mvua haikosekani hivihivi. Tangu enzi za machifu wa kule Vuga inajulikana kwamba mtu anaweza kuishika, akaifunga, akaiponya nchi au akaiharibu. Kuiharibu wanaita kubana shi, na neno hilo mzee halitamki kwa mzaha. Sasa wewe mwambie mzee kuna mtu kila asubuhi, saa ileile, anaiendea mvua kwenye chombo, anaipima, anaiandika, halafu anaimwaga chini. Hutakuwa na haja ya kumwongezea ndege.

Ndege zikasahaulika ndani ya siku mbili. Kikabaki kikopo.

Dalili ya kwanza niliiona barabarani. Nilikuwa nyuma ya Mjomba hatua kama ishirini, vijana watatu wakapishana naye, wakapita kimya. Hawakumpa shikamoo. Kwa mtu wa mjini hilo ni jambo dogo. Huku kwetu hata mlevi aliyeanguka mtaroni anatoa shikamoo kwanza ndipo anaomba ainuliwe. Mjomba alisimama, akageuka kuwatazama, akafikiri labda hawakumwona.

Kisha ukaitishwa msaragambo wa kuzibua mfereji, nyumba zote zikaambiwa isipokuwa yake. Alisikia majembe, akachukua la kwake akaenda. Alipofika watu wakaacha kuchimba, wakakaa chini wote. Akachimba peke yake kidogo, akarudi.

Siku hiyo mama alinijia nyumbani. Hakukaa. Alisema, "Nimekusikia nyumbani kwa watu, kwenye simu ya watu, ukimsema kaka yangu."

Nikaanza kueleza kuhusu teknolojia.

Akaniambia, "Nyamaza. Aliyekulea ndiye unayemwuza?" Akaondoka na ufagio wangu mkononi, hata hakujua ameushika.

Nikarekodi voice note ya pili. Ya kusahihisha. Nikasema nilikosea, ule ni mtambo wa kupima tu, Mjomba hana kosa. Dakika moja na nusu. Tiki za bluu nyingi, majibu hakuna. Baadaye jamaa mmoja akaandika, "Profesa, wamekutisha?" Mwingine akaandika, "Lisemwalo lipo."

Yaani uongo wangu uliaminiwa kwa sababu niliusema, na ukweli wangu ukakataliwa kwa sababu niliusema. Nilitamani kuitupa simu chooni.

Ikafika mahali wazee wakaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wakataka mkutano Ijumaa baada ya swala, Waislamu na Wakristo wote, ifanywe dua ya mvua. Na kabla ya dua, Athumani asimame mbele ya watu aifungue mvua. Atamke kwamba ameiachia. Akitamka yameisha, hakuna atakayemgusa.

Na asipotamka? Hilo wazee hawakulisema. Vijana ndio walikuwa wanalisema, pembeni, kwamba mlingoti utawaka moto na nyumba iko karibu nao sana.

Alhamisi alasiri nikaenda kwake. Nilimkuta anamkatia ng'ombe majani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote, na hiyo marahaba ilinichoma kuliko angenipiga.

Nikamwambia, "Mjomba, yaseme tu. Ni maneno. Sema umeifungua, tulale salama."

Hakuacha kukata majani. Akasema, "Nikisema naifungua, na mvua ikanyesha, mwaka kesho ikichelewa nitafanyaje?"

Nikaanza kumkusanyia majani.

"Na isiponyesha," akasema, "watasema nimeificha zaidi. Wewe ndiye msomi. Nionyeshe mlango wa kutokea."

Wakuu, nimelifikiria swali hilo mpaka leo. Mlango haupo. Mvua isije ana hatia, mvua ije ana hatia. Nilikuwa nimemjengea mjomba wangu nyumba isiyo na mlango kwa dakika nne za kuongea.

Nikamwomba msamaha. Akasema kesho nije mapema, nimsaidie kubeba madaftari.

Ijumaa, uwanja wa ofisi ulijaa mpaka barabarani. Mwenyekiti kwenye meza, sheikh upande huu, mchungaji upande ule. Mama yangu amekaa na wifi yake, mke wa Mjomba, wameshikana mikono. Mjomba akaja amevaa koti lake la sikukuu, mimi nyuma yake na madaftari. Yeye mwenyewe alikuwa amebeba kikopo. Alikuwa amekitoa kwenye nguzo.

Akakiweka chini, mbele ya meza. Akasema, "Mimi sifungi na sifungui. Mimi nahesabu. Anayedhani kuna kitu humu, hiki hapa. Akichukue akapime kwake, saa tatu kamili, asichelewe."

Basi mstari wote wa mbele ukarudi nyuma. Watu wazima, waliokuwa wanapiga kelele, walirudi nyuma wakakanyagana kwa ajili ya kikopo kitupu.

Mwenyekiti akasema, "Mzee Athumani, tunakuomba. Tamka, tumalize."

Mjomba akakisogeza kikopo karibu na watu.

Nikasimama mimi. Nikasema voice note ni yangu, niliirekodi kwa hasira kwa sababu alinicheka kwenye maziwa, sikujua ninachokisema. Nilidhani ukisema ukweli mbele za watu unasikika. Wakazomea. Mzee mmoja akasema, "Mpwa humlinda mjomba wake. Hata dawa ya mvua atairithi huyu huyu." Watu wakaanza kunitazama na mimi kwa jicho lilelile.

Na hapo nikaona, pembeni kwenye ukuta wa ofisi, vijana wale watatu wa barabarani. Mmoja ana panga. Mmoja ana kidumu cha manjano, na siyo cha maziwa, harufu ilinifikia. Hawakuwa wanasikiliza mkutano. Walikuwa wanausubiri uishe.

Nikamtazama mke wa Mjomba. Nikaifikiria nyumba. Nikaogopa, jamani, sijawahi kuogopa vile.

Nikapaza sauti nikasema, "Ameifungua! Jana alasiri, mbele yangu. Nimeshuhudia mimi. Ameiachia."

Wale watatu wa ukutani wakageuza vichwa.

Mjomba akageuka akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeachwa na gari la mwisho.

Mwenyekiti, ambaye naye nadhani alikuwa na hofu kuliko sisi wote, akagonga meza haraka. "Tumesikia! Shahidi amesema. Tuendelee na dua." Sheikh akaomba, mchungaji akaomba, watu wakaitikia amina, wakatawanyika. Kidumu kikarudi kilikotoka.

Nilimwokoa. Nilikuwa najiambia hivyo njia nzima, nimemwokoa.

Jumamosi jua. Jumapili jua na wingu. Jumatatu saa nane mchana mvua ikanyesha.

Haikuwa ya mchezo. Ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa ishara. Nikatoka nje, nikasimama katikati ya uwanja nimefungua mdomo kama mtoto, nimelowa mpaka mifupa, nacheka. Mke wangu anacheka mlangoni. Nikawa nafikiria mbegu zangu za viazi tu.

Kisha nikasikia vigelegele.

Kinamama walikuwa wanapita njiani, kwenye mvua, kundi zima, wameshika mikungu ya ndizi na majogoo. Walikuwa hawaendi msikitini wala kanisani kushukuru. Walikuwa wanaelekea kwa Mjomba.

Nikakimbia kupitia shambani nikawahi. Mjomba alikuwa amesimama barazani. Mbele ya wote alikuwepo bibi mmoja ambaye ni mkubwa kuliko yeye kwa miaka mingi, alimbeba Mjomba mgongoni akiwa mchanga. Bibi yule akapiga goti kwenye tope na kumwambia, "Shikamoo."

Yaani bibi wa umri ule, kumpa shikamoo mtoto aliyembeba.

Mjomba hakuitikia. Ataitikiaje? Aliingia ndani akafunga mlango, na zile ndizi wakaziacha barazani.

Jioni ile alinitamkia sentensi moja tu, na tangu hapo tumeongea machache mno. Alisema, "Umenipa kazi nisiyoiweza."

Akaacha kupima. Daftari linaishia Ijumaa ile, sifuri iliyozungushiwa vizuri. Wala hakuna aliyeuchoma mlingoti, siku hizi hata mbuzi wanaondolewa karibu nao.

Nilishuka Lushoto mjini kuwatafuta wale wa mradi. Nikampata dada mmoja mpole, akanieleza vikombe, akanieleza kikopo, akanieleza kwamba hizo cloud seeding zipo kweli duniani lakini hazifanywi kwa mlingoti wa uani, na kwamba wingu lenyewe lazima liwe tayari lina maji. Akasema wala wingu halifutwi kwa kuzungusha vikombe. Akashangaa sana, akasema, "Mbona hakuna aliyetuuliza?"

Nikamwuliza, na ninyi mbona hamkutuambia? Nilimwonea huruma kwa sababu hakuwa yeye aliyekuja siku ile.

Kwa hiyo wale mtakaokuja kuandika "wanakijiji washamba", punguzeni. Mtu akifungiwa kitu uani kwa jirani yake bila maelezo atajitafutia maelezo. Kuuliza nani anachezea hewa yetu siyo ushamba. Kosa ni langu mimi niliyejibu kabla sijauliza.

Sasa kwa nini naandika leo?

Kwa sababu vuli imechelewa tena.

Wingu linapanda, linazunguka, linaondoka. Safari hii watu hawana hasira. Safari hii wana adabu. Wiki mbili zilizopita walikuja wazee wanne kwa Mjomba na jogoo mwekundu, wakakaa barazani, wakamwomba kwa upole aikumbuke nchi. Akawaambia hajui kitu. Wakasema wanaelewa, labda jogoo ni mdogo, watarudi. Walimwachia siku ya kurudi. Ni Ijumaa hii. Na wale vijana nimewaona wanapita tena ile njia, taratibu.

Tangu hapo mimi ndiye ninayepima.

Nilikirudisha kikopo kwenye nguzo kwa mkono wangu. Kila siku saa tatu kamili nipo uani kwake, mchana kweupe, kila mpita njia ananiona. Nasoma, naandika sifuri, natuma meseji. Mjomba ananitazama dirishani, haniambii nakosea wala napatia. Juzi tu ndiyo alifungua dirisha akasema niinamishe kichwa, nisome usawa wa macho. Nilifurahi nusura nilie.

Hesabu yangu ni hii: wakitaka mtu wa kumkasirikia Ijumaa, wamkute yule aliyeshika kikopo. Na nitakuwa nimekishika mimi. Mama anajua. Amenirudishia ufagio wangu.

Nilikuwa nimeshaupanga moyo hivyo. Nikadhani angalau nimepata mlango.

Jana asubuhi, nimetoka kuandika sifuri ya kumi na moja, simu ikalia. Ni binamu wa mke wangu, anaishi Vuga, hatujawasiliana muda mrefu. Ametuma voice note. Juu yake imeandikwa imetumwa mara nyingi. Nikaifungua.

Ilikuwa sauti yangu.

"Muulizeni anayeushika, mvua yetu inakwenda wapi."

Chini yake ameandika, hajui kama ni mimi: "Shemeji, wewe msomi, hii ni kweli? Maana na huku kwetu kuna mzee anacho hicho kikopo. Watu wameshaanza kutompa shikamoo."

Nimempigia mara sita, simu inaita tu.

Wakuu, somo langu mtalitoa wenyewe, mimi nimeshalilipia. Ninachotaka ni mmoja wenu aniambie. Kama imewafikia, dakika nne, sauti ya mwanamume mwenye hasira, jogoo analia nyuma yake dakika ya pili, huyo ni mimi. Semeni hapo chini imefika wapi, mko wilaya gani, nani anakishika kikopo huko kwenu. Halafu ifuteni, na mumwambie aliyewatumia.

Cha Mjomba nimekishika. Cha Vuga nani atakishika?